Bunduki ya Baba Haina Kosa

Watu husema hasira hasara. Basi mimi mwaka ule nilipata hasara ya kutosha, maana tangu Mei mpaka Agosti sikuacha kumkasirikia mdogo wangu Denzil hata siku moja, na nilipoishiwa na sababu za kumkasirikia yeye nikahamia kwangu mwenyewe.

Chanzo ni bunduki. Siyo ile kubwa ya kulungu. Ni ile ndogo ya kindi, ya risasi nyembamba ziitwazo ishirini-na-mbili, inayojipakia yenyewe kila unapofyatua. Baba aliinunua mwaka niliozaliwa mimi, na mimi nina miaka hamsini na minane. Kwa bunduki hiyo ametulisha. Kila Agosti, Jumamosi ya tatu, msimu wa kindi unapofunguliwa hapa Kentucky, Baba huingia msituni nyuma ya ghala kabla umande haujakauka, na saa nne tunakula mchuzi mzito wa kindi kwa mikate ya moto. Mama alikufa, mgodi ukafungwa, kanisa likagawanyika mara mbili, lakini Jumamosi hiyo haijawahi kurukwa.

Februari Baba alipigwa na kiharusi. Anaitwa Hobert na ana miaka themanini na minne. Mkono wake wa kulia haukufa, ila ulibaki na nguvu za mtoto wa miaka minne. Anaweza kushika kijiko, hawezi kufungua chupa ya achari. Bunduki zake nyingine zote zinataka mkono: hii uvute na kusukuma kila risasi, ile uikunje na kuikunjua. Ile ishirini-na-mbili ndiyo pekee iliyobaki duniani anayoweza kuitumia, kwa sababu ukishaitia risasi ya kwanza, nyingine inajitilia yenyewe.

Kiharusi kilichukua kitu kingine pia, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi. Kilichukua ukali wake. Baba yangu alikuwa akigombana na redio. Alikuwa akimjibu mchungaji katikati ya mahubiri. Sasa akawa mpole, anasema asante kwa kila kitu, asante kwa chai, asante kwa kufungwa kamba za viatu. Nilikuwa nikitoka nyumbani kwake naingia kwenye gari naupiga usukani kwa ngumi. Sikutaka asante yake. Nilimtaka Baba.

Sasa Denzil. Mdogo wangu anafanya kazi ya nguzo za umeme, ana mshahara mzuri, na ana simu ambayo kwa mwenye mshahara mzuri ni hatari. Baba akiwa bado hospitalini, Denzil aliichukua ile bunduki kwenda kuiboresha. Hilo ndilo neno lake, kuiboresha. Akaagiza mtutu mpya mnene wa mashindano. Akaagiza kitako cha mbao za kubandikwa, nyekundu na nyeusi, kama pipi. Akaweka darubini, akaweka magazini ya risasi ishirini na tano iliyopinda kama ndizi, akaweka kishikio cha bolti kikubwa kama kidole gumba. Bolti ni kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kuingiza risasi. Kishikio cha zamani kilikuwa kidogo. Alipomaliza, kitu kimoja tu cha asili kilikuwa kimebaki, kile kiwiliwili cha katikati chenye namba.

"Nimempa Baba bunduki ya bingwa," akaniambia.

"Umempa Baba mti wa Krismasi," nikamjibu.

Mei tuna msimu mfupi wa kindi. Tulikwenda watatu. Baba alikaa juu ya ndoo yake, akainua, akalenga, akafyatua. Kliki. Hakuna mlio. Kindi akaondoka zake. Baba akaanza kuhangaika na ile bolti kwa mkono wake mbovu, risasi imekwama, na katika kuhangaika akageuka kwenye ndoo, mdomo wa bunduki ukapita mbele ya tumbo la Denzil. Ulipita taratibu kabisa. Denzil alisimama kama nguzo zake za umeme. Mimi niliushika mtutu nikauelekeza chini, na hakuna kilichotokea, lakini sote watatu tulikiona ambacho kingeweza kutokea.

Kwenye gari, Baba akiwa amelala kiti cha nyuma, Denzil alisema, "Dada, Agosti ndiyo mwisho. Ikikwama tena mbele yangu, naichukua, naifungia kabatini kwangu."

"Bunduki ya Baba uifungie wewe?"

"Unataka ningoje mpaka nimzike, au mpaka anizike yeye?"

Hasira ikanizidi. Maana alikuwa na haki, na mtu anayenipandisha mori kuliko wote ni Denzil akiwa na haki.

Nikaichukua bunduki kwenda kibandani kwangu. Mimi ni fundi. Nilikaa miaka ishirini na tisa kwenye karakana ya kuchonga vipuri vya mashine za mgodi, na tangu ilipofungwa natengeneza misumeno ya moto, mashine za kukatia majani, na bunduki za watu wa bonde hili zima. Sijisifu, ila chuma kikiwa na ugonjwa mimi huuona. Nikaenda nayo nyuma ya kibanda, kwenye ukingo wa udongo, nikapiga risasi mia mbili. Hakuna hata moja iliyokataa. Nikampelekea Baba. Akajaribu mbele ya ghala lake, mimi nikiwa jikoni namtilia kahawa. Kliki.

Nikairudisha. Nikaitazama risasi iliyokataa: pembeni mwa kitako chake alama ya pini ilikuwa hafifu, kama imeguswa kwa ukucha. Aa, nikasema, nyundo inayoipiga pini ni dhaifu. Denzil ameweka springi laini ili kifyatulio kiwe chepesi, na nyundo haina nguvu ya kuiwasha risasi. Nikamtukana kwa sauti, peke yangu, paka akatoka nje. Nikaweka springi ngumu. Nikaweka pini mpya. Nikabadilisha ukucha unaovuta maganda, nikang'arisha njia ambayo risasi hupanda kutoka kwenye magazini mpaka ikawa kioo. Nikapiga mia tatu. Zote zikalia. Nikampelekea Baba. Nikasimama uani nampigia Denzil simu kumweleza yeye ni mjinga wa aina gani, na nyuma yangu nikasikia: kliki.

Mara ya tatu nikalaumu magazini ya ndizi. Nikaitupa, nikanunua ile fupi ya risasi kumi. Mara ya nne nikalaumu mafuta, maana Denzil alikuwa ameyamwaga humo kama anakaanga samaki, na hizi bunduki ndogo zina masizi mengi. Masizi yakikutana na mafuta yanakuwa lami. Nikaosha kila kipande kwa petroli. Nikapiga mia nne. Bega likavimba. Kwangu, zote. Kwa Baba, kliki.

"Asante, binti yangu," akaniambia mara ya nne, akinirudishia bunduki kwa mikono miwili. "Umejitahidi. Pengine ni mimi."

Pengine ni mimi! Baba yangu, ambaye katika maisha yake hajawahi kukubali hata kwamba mvua inanyesha kama hakuisema yeye. Nilikwenda kwenye gari langu nikalia kwa hasira mpaka kioo kikaingia ukungu.

Ikafika Jumatano kabla ya ile Jumamosi. Saa kumi jioni nikaenda kwake na bunduki, nikasema leo sitoki hapa. Nikavuta kiti barazani nikakaa mbele yake, magoti yetu karibu kugusana. Katika miezi yote mitatu sikuwa nimefanya hivyo hata mara moja. Nilikuwa namtilia kahawa, nilikuwa kwenye simu, nilikuwa natukana.

"Tia risasi, Baba. Lenga kule kwenye ukingo."

Akaweka magazini, taratibu, kwa kiganja cha kushoto. Akailaza bunduki mapajani. Akashika kile kishikio kikubwa kwa vidole vitatu vya mkono mbovu, akaivuta bolti nyuma. Halafu hakuiachia. Aliisindikiza. Akairudisha mbele polepole, polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto, na mwisho kabisa akaigusa kwa kiganja, mguso mwepesi usio na nguvu. Akainua kichwa kunitazama.

Mimi nilikuwa nangoja ule mlio wa chuma, kacha! ambao nimeusikia mara elfu kibandani kwangu. Sikusikia kitu.

"Baba," nikasema, "mbona huiachii?"

Akanishangaa. "Kindi husikia chuma kuliko nyayo, Ardith. Si nilikufundisha?"

Alinifundisha. Nilikuwa na miaka tisa, kule msituni chini ya mti wa hikori, ule wa njugu wanazopenda kindi, kaniwekea mkono wake juu ya wangu: polepole, halafu mwisho uigonge na kiganja ijifunge. Watu wote wa bonde hili wa rika lake wanatia risasi hivyo. Mimi niliacha zamani, kwa sababu kwenye ukingo wa udongo hakuna kindi wa kumwogopesha. Kila siku kibandani naivuta na kuiachia, springi inaipiga kwa nguvu zake zote, inajifunga yenyewe, nami nasema bunduki nzima.

Nikaichukua kutoka mapajani mwake, nikatazama ubavuni. Bolti haikuwa imefika. Ilibaki nafasi nyembamba kama ukucha. Na sasa nikaelewa yote. Chemba ni kile chumba cha nyuma ya mtutu ambamo risasi hulala. Chemba ya ule mtutu wa mashindano ilikuwa imechongwa finyu, ili risasi ikae imebanwa na iende sawasawa. Risasi ilihitaji kusukumwa iingie. Zamani chemba ilikuwa pana na kiganja cha Baba kilikuwa kiganja cha mchimba makaa. Sasa chemba ni finyu na kiganja kimekwisha. Bolti haifiki, nyundo inapoteza nguvu zake kuisukuma ile nafasi, pini inaigusa risasi kidogo tu. Kliki. Na springi yangu ngumu haikusaidia chochote isipokuwa kumfanya mzee avute kifyatulio kwa taabu zaidi.

Nyani haoni kundule. Miezi mitatu namwita Denzil mjinga aliyebadilisha vipuri bila kumwuliza mwenye bunduki, na mimi nilikuwa nikifanya nini?

Ningeweza kumwambia tu, Baba, iachie. Ingekwisha pale pale. Lakini nilimtazama, vidole vitatu bado vimekunjwa hewani, nikajua nikisema hivyo atasema asante, binti yangu, na ataiachia, na kila kindi wa mlima ule atasikia, naye ataketi kwenye ndoo yake akijua kwamba hata kutia risasi alikokujua miaka sabini sasa amekatazwa. Hapana. Chuma ndicho kitakachomfuata yeye.

"Mtutu wa zamani uko wapi?" nikauliza. "Denzil aliniambia aliuacha hapa."

"Bustanini."

"Bustanini wapi?"

"Kwenye pilipili hoho."

Nikashuka bustanini. Katikati ya mstari wa pilipili hoho, mche mmoja uliokuwa umeelemewa ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kwenye mtutu wa bunduki uliochomekwa ardhini, upande wa chemba chini. Nikaung'oa. Tundu lilikuwa limejaa udongo na nyungunyungu mmoja, na nilipoupiga kwenye jiwe ikatoka kutu kama unga wa pilipili.

"Baba!" nikapiga kelele. "Mtutu huu!"

"Mlisema ni takataka," akanijibu kutoka barazani, mpole kabisa. "Mche ulikuwa unaanguka."

Maji yakimwagika hayazoleki. Mche nikaufungia fimbo, mtutu nikautupa, nikaenda nyumbani kutafuta chombo ambacho nilikinunua miaka kumi iliyopita na kukitumia mara mbili tu: chuma chembamba kuliko kidole cha mwisho, chenye meno ubavuni, cha kuzungusha kwa mkono ndani ya chemba na kuipanua. Ukikosea nacho, umeua mtutu.

Alhamisi jioni nimeubana mtutu kwenye jiliwa, niko tayari kuanza, mlango ukafunguliwa. Denzil, na buti zake za kazi.

"Unafanya nini?"

"Napanua chemba."

"Ya mtutu ule?" Sauti ilimpanda. "Dada, una wazimu? Mtutu ule unatia risasi tano kwenye tundu la kifungo cha shati, kwa hatua hamsini!"

"Baba haendi kuwinda vifungo."

"Ukiupanua utaanza kutawanya!"

"Utatawanya kidogo. Lakini utalia."

"Tatizo ni springi zako! Tangu ulipoanza kutia mkono..."

"Springi nimeshaitoa, nimerudisha yako! Haya, furahi! Keti hapo juu ya ndoo, nikwambie kitu, na ukinikatiza nakutupia tupa."

Akakaa. Nikamweleza. Nikamwonyesha: nikaurudisha mtutu mahali pake, skrubu mbili tu, nikatia risasi bandia, nikaisindikiza bolti kwa vidole vitatu vya mkono wangu wa kushoto, ulio mnyonge. Nikamwambia weka ukucha wako hapo ubavuni. Ukucha wake ukaingia kwenye ile nafasi.

Akauondoa taratibu. Kisha akasema, "Kwa hiyo Mei, pale..."

"Alikuwa na risasi nzima ndani na bolti wazi. Anajaribu kuifunga."

"Kwa mtutu wangu."

"Kwa mtutu wako. Na kwa upumbavu wangu wa kutomtazama."

Nilidhani atalainika. Wapi! Denzil na mimi tumezaliwa na mtu mmoja. Alisimama, uso mwekundu. "Sikiliza basi. Pasua unachotaka. Lakini neno langu ni lile lile. Jumamosi ikilia kliki, mara moja tu, naichukua. Sirudii kusimama mbele ya mdomo ule."

"Mara moja tu," nikasema. "Ikilia kliki mara moja, chukua. Sitasema neno."

Nilisema hivyo kwa hasira, na mara lilipotoka nilitamani kulirudisha. Nikauweka mtutu kwenye jiliwa, nikatia mafuta, nikaanza kuzungusha. Robo mzunguko, toa, futa, tia mafuta. Robo mzunguko, toa, futa. Vumbi la chuma lililotoka lilikuwa jembamba kama poda. Denzil alisimama nyuma yangu akivuta pumzi kwa meno kila nilipozungusha, kama anayeng'olewa jino yeye. Kila mara nikijaribu kwa risasi bandia: ilikuwa ikikwama, ikikwama, halafu ikaingia kwa kidole tu, na nilipoelekeza mtutu juu ikaanguka kiganjani mwangu yenyewe. Hapo nikaacha. Nikazungusha kitambaa ndani, nikaifunga bunduki. Kitako cha pipi nikakiacha. Kishikio kikubwa cha Denzil nikakiacha pia, na nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba kati ya takataka zake zote hicho ndicho kitu cha maana, maana kile cha zamani vidole vya Baba visingekishika.

"Rudia," akasema.

"Sirudii."

Ijumaa nikaenda ukingoni. Sikuiachia bolti hata mara moja. Vidole vitatu, mkono wa kushoto, polepole, mguso mwepesi, fyatua. Toa magazini, ondoa risasi, anza tena, maana ya kwanza ndiyo niliyoitafuta, zile zinazofuata bunduki inajitilia yenyewe kwa nguvu zake. Moja. Kumi. Ishirini. Ya thelathini na moja: kliki.

Nilitukana mpaka ndege wakaruka. Nikafungua. Ndani ya chemba, ukingoni, palikuwa na kijino cha chuma, wembe mdogo usioonekana bila taa, ulioachwa na mkono wangu mwenyewe. Nikakisugua kwa kitambaa na unga wa kung'arishia mpaka kikaisha. Nikaanza tena kutoka moja. Nilipofika arobaini Denzil alikuja kutoka kazini. Hakusalimu. Alikaa chini, akaanza kunitilia risasi kwenye magazini na kunipa, moja moja, bila kunitazama. Tulikwenda hivyo mpaka mia na hamsini, mimi nimenuna, yeye amenuna. Zote zililia.

Jumamosi. Tulimkalisha Baba kwenye ndoo yake, hatua ishirini na tano kutoka kwenye hikori, kilima kikiwa nyuma ya mti. Nikamsimikia fimbo ya panda ya kuegemeza bunduki. Mimi nikakaa kulia kwake, Denzil nyuma yake kabisa, na nilijua kwa nini amechagua nyuma. Mfukoni mwa koti lake ufunguo wa kabati ulikuwa ukigongana na sarafu. Nadhani alitaka niusikie.

Juu ya mti mtu mwenye mkia alikuwa anakula. Vipande vya maganda ya njugu vilikuwa vikidondoka kwenye majani, tp, tp. Baba akasikiliza. Akatia magazini. Akashika kishikio kwa vidole vitatu, akaivuta bolti, akairudisha polepole. Akaigusa kwa kiganja. Kule juu maganda yaliendelea kudondoka; mlaji hakujua lolote.

Kidole chake kilikunjika. Nikafumba macho.

Pa!

Nikafumbua. Gome la mti liliruka chini ya kindi, shubiri moja. Kindi akazunguka shina. Baba akasogeza mtutu kwenye panda. Pa! Jani likaanguka. Kindi akatoka upande wa pili, akasimama juu ya tawi wazi kama anauliza saa. Pa! Hewa. Pa! Pa! Bunduki ilikuwa inatema maganda ya shaba kwa mwendo wa saa ya ukutani, na kila lililotoka lilinigusa goti langu likiwa la moto, na nilikuwa nikihesabu. Sita. Saba. Kindi wa pili akatokea, wakakimbizana. Nane. Tisa. Kumi. Bolti ikagonga mahali patupu.

Risasi kumi, milio kumi. Kindi wawili wakarukia mti wa jirani, wakatoweka, wazima kabisa.

Msitu ukanyamaza. Baba alikaa vile vile, shavu kwenye kitako chekundu na cheusi. Bega lake likaanza kutikisika nikadhani analia. Nikanyoosha mkono.

"Usiniguse!" akanguruma.

Nilirudisha mkono kama nimegusa jiko.

"Nimemkosa!" akasema. "Mnyama kakaa wazi kama bibi harusi, nikamkosa! Mara kumi! Mimi! Mshenzi gani anamkosa kindi mara kumi?" Na akaendelea na maneno mengine ambayo Mama angemfukuza nayo mezani, alimtukana kindi, akamtukana mama wa kindi, akautukana mkono wake wa kulia kwa jina ambalo sikujua kwamba mkono unaweza kuitwa. Uso wake ulikuwa mwekundu. Mate yalimtoka. Tangu Februari sikuwa nimemsikia akipandisha sauti, na sasa ilikuwa ikirudi kutoka kilimani na kutupiga tena.

Machozi yalinitoka. Sikuyafuta.

Denzil akakohoa nyuma yetu. "Baba, pengine ni darubini. Labda imesogea. Au huu mtutu, tangu Dada alipo..."

Baba akamgeukia. Safari hii mdomo wa bunduki aliuacha pale pale kwenye panda, ukitazama kilima. Aligeuza kichwa tu.

"Ukigusa darubini hiyo nakuvunja mkono, ufanane na wangu," akasema. "Bunduki haina kosa. Umesikia? Mnanipakazia bunduki tangu Mei, bunduki hivi, bunduki vile. Bunduki haina kosa. Nimekosa mimi. Nipeni risasi!"

Akapiga goti lake kwa mkono wa kushoto. "Nasema risasi! Mmekufa?"

Denzil alitia mkono mfukoni, kule kule ulikokuwa ufunguo, akatoa paketi ya risasi. Akataka kumtilia kwenye magazini, Baba akampokonya. Alizitia mwenyewe, moja moja, kwa vidole vyake vibovu, mbili zikaanguka kwenye majani, akazitukana, akaziokota. Ilichukua muda mrefu. Tulikaa tukimngoja.

Kule juu, upande wa pili wa hikori, ganda moja likadondoka. Baba akainua kidole tunyamaze. Akaivuta bolti, akairudisha mbele polepole, akaigusa kwa kiganja, na mimi na Denzil, tulioketi hatua moja kutoka kwake, hatukusikia kitu.